Seva Iliyotumika: Kagua Ncha Zote Mbili za Njia ya Diski Kabla ya Kulipa

Katika Kata ya Levolosi, kama ilivyo katika sehemu nyingine za Jiji la Arusha, shughuli nyingi za kila siku sasa zinaegemea kompyuta. Duka la steshenari huhifadhi kazi za wateja wake. Zahanati huhifadhi kumbukumbu za wagonjwa. Chama cha akiba na mikopo huhifadhi hesabu za wanachama. Ofisi ya utalii huhifadhi orodha ya wageni wanaosubiri kupanda Mlima Meru. Kompyuta zinapoongezeka ofisini, mwenye shughuli huhitaji mashine moja ya kuzihudumia nyingine zote na kutunza mafaili mahali pamoja. Mashine hiyo ndiyo iitwayo seva.

Seva mpya ni ghali, na kwa sababu hiyo walaji wengi hununua iliyokwisha kutumika. Uamuzi huo hauna kasoro kwa wenyewe. Seva huundwa ili ifanye kazi usiku na mchana kwa miaka mingi, na iliyotunzwa vizuri bado ina manufaa kwa ofisi ndogo. Hata hivyo, ipo hitilafu moja ambayo ni rahisi kuipita dukani bila kuiona, nayo ni maungio ya diski yasiyopangwa sawasawa. Mashine huwaka, mafaili hufunguka, na mnunuzi hulipa. Siku chache baadaye, diski ya pili inapoongezwa au kazi zinapokuwa nyingi, mafaili huanza kuharibika. Katika kurasa hizi tunaeleza chanzo cha hitilafu hiyo, ili mlaji asiye fundi naye ajue la kukagua na la kuuliza kabla fedha hazijatoka mkononi.

Adapta ya diski ni nini?

Ndani ya seva, diski ndiyo ghala la kumbukumbu. Diski haizungumzi moja kwa moja na ubongo wa mashine. Kati yao hukaa kadi iitwayo adapta. Adapta hupokea maagizo, huyapeleka kwenye diski inayohusika, na hurudisha majibu. Adapta na diski huunganishwa kwa kebo. Kwa hiyo kumbukumbu za ofisi hupita mahali patatu: kwenye diski, kwenye kebo na kwenye adapta. Diski ikiwa nzima lakini kebo au adapta ikawa na mpangilio mbaya, kumbukumbu zitaharibika vilevile.

Mlaji atakutana na njia za aina mbili sokoni.

Aina ya kwanza ni ya zamani, na huitwa SCSI. Mafundi husema skazi. Kanuni zake rasmi zilichapishwa Marekani mwaka 1986, na ilitawala katika seva kwa miongo miwili iliyofuata. Kebo yake ya ndani ni bapa na pana, ina viunganishi vya pini 50 au 68, na kebo moja hubeba vifaa kadhaa vilivyopangwa mfululizo. Vifaa vyote hutumia njia hiyo moja kwa zamu.

Aina ya pili ni mpya zaidi. Humo zimo SATA, iliyoingia sokoni mwaka 2003, na SAS, iliyoifuata muda mfupi baadaye. Katika aina hii kila diski ina njia yake yenyewe kutoka kwenye adapta, na kebo zake ni nyembamba.

Fungua kasha uitazame kebo, nawe utajua ni kanuni zipi zinazohusu mashine unayoinunua. Kabla ya kufungua, hakikisha mashine imezimwa na waya wa umeme umechomolewa.

Kwa nini ncha za njia zifungwe?

Anayesema kwa sauti kubwa katika ukumbi mtupu husikia mwangwi. Sauti hugonga ukuta na kurudi, ikachanganyika na maneno yanayofuata, hata msikilizaji akashindwa kutofautisha. Ukumbi huohuo ukijaa watu na kutundikwa mapazia, mwangwi hupungua kwa sababu sauti humezwa inapofika.

Ishara za umeme katika kebo ya SCSI hufanya vivyo hivyo. Zikifika mwisho wa kebo na kukuta ncha ikiwa wazi, hurudi nyuma na kugongana na ishara zinazokuja. Adapta au diski ikazisoma vibaya, herufi moja ikawa nyingine, au mashine ikasimama ikisubiri jibu lisilofika. Ili kuzuia mwangwi huo, kila ncha hufungwa kwa kipande kidogo kiitwacho teminata. Kazi yake ni kuzimeza ishara zinapofika mwisho, kama mapazia yanavyomeza sauti.

Kanuni ni moja: teminata ziwe mbili, moja katika kila ncha ya njia, na kusiwe na nyingine katikati. Zikipungua, mwangwi hubaki. Zikizidi, ishara hudhoofika kwa kuwa mzigo wa umeme unakuwa mkubwa kupita kiasi.

Hapa ndipo mnunuzi anapopotoka. Njia isiyofungwa vizuri yaweza kufanya kazi ikiwa kebo ni fupi na diski ni moja, na hivyo ndivyo mashine inavyokuwa inapoonyeshwa dukani. Mwangwi huwa mdogo na makosa huwa machache. Kebo ikirefushwa na vifaa vikaongezwa, kasoro iliyokuwapo tangu mwanzo hujitokeza, na mnunuzi hudhani kuwa diski mpya aliyoiongeza ndiyo mbovu.

Mambo matatu ya kukagua kwenye SCSI

1. Namba ya kila kifaa. Kwa kuwa vifaa hutumia njia moja, kila kimoja lazima kiwe na namba yake ya utambulisho. Njia nyembamba ina namba 0 hadi 7; njia pana ina 0 hadi 15. Kwa desturi, adapta huchukua namba 7. Vifaa viwili vikipewa namba moja, mashine haiwezi kuvitofautisha: huenda kimoja kisionekane, au mashine ikakwama wakati wa kuwaka. Namba hupangwa kwa jampa, yaani vipande vidogo vinavyovikwa kwenye pini za diski. Diski zenye kiunganishi cha pini 80, zile zinazochomekwa kutoka mbele ya seva, hupata namba kutokana na nafasi zilimochomekwa. Namba haina uhusiano na ncha: kifaa chenye namba 0 chaweza kukaa mwisho wa kebo, katikati au mwanzoni.

2. Ncha zote mbili. Shika kebo kwa mkono uifuate kutoka mwanzo hadi mwisho. Vifaa vyote vikiwa ndani ya kasha, adapta huwa ncha moja, na teminata yake iwe imewashwa. Ncha ya pili ni mwisho wa kebo. Diski za zamani zilikuwa na teminata ndani yake. Diski za kizazi cha LVD, zilizoenea tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, hazina. Teminata yao ni kipande kinachochomekwa mwishoni mwa kebo baada ya diski ya mwisho, au kilichopachikwa kwenye ubao unaopokea diski. Ukiona mwisho wa kebo ya LVD unaning'inia bila kitu, uliza.

3. Aina na urefu. Njia ya LVD yenye vifaa kadhaa huruhusu kebo ya hadi mita 12, na vizazi vyake vya mwisho vilipitisha megabaiti 160 au 320 kwa sekunde. Kikiunganishwa kifaa kimoja tu cha zamani cha aina ya SE, njia nzima hurudi katika kanuni za zamani: kasi huwa megabaiti 40 kwa sekunde au chini yake, na urefu hupungua hadi mita 3, au mita 1.5 vifaa vikizidi vinne. Ipo pia aina ya HVD, ambayo haipatani na hizo mbili. Kuichanganya nazo kwaweza kuunguza vifaa. Viunganishi vyake vyafanana, kwa hiyo soma alama zilizochapwa kwenye kifaa na kwenye adapta.

Mfano wa steshenari

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwenye steshenari karibu na Soko la Kilombero ana seva ya zamani yenye adapta ya SCSI na diski mbili za ndani. Adapta iko mwanzo wa kebo, teminata yake imewashwa. Mwisho wa kebo kuna teminata ya kuchomeka. Ncha ni mbili na zote zimefungwa. Mashine inafanya kazi vizuri.

Kisha ananunua kifaa cha tepu cha kuhifadhia nakala, kinachokaa nje ya kasha. Fundi anakiunganisha kwenye tundu la nyuma la adapta hiyohiyo, anaona kinatambulika, na anaondoka. Tangu hapo ncha zimehama. Njia sasa inaanzia kwenye kifaa cha tepu kilicho nje, inapita kwenye adapta, na kuishia kwenye teminata ya ndani. Adapta iliyokuwa ncha imekuwa katikati, na teminata yake ilipaswa kuzimwa. Kifaa cha tepu kimekuwa ncha, nacho kilipaswa kufungwa teminata nyuma yake. Yote mawili yasipofanyika, nakala inaweza kuandikwa ikiwa na makosa, na mwenye duka asijue mpaka siku atakapoihitaji.

Fundisho la mfano huu ni kwamba kila kifaa kinapoongezwa au kuondolewa, ncha huenda zimebadilika. Adapta nyingi za miaka ya baadaye zina mpangilio wa kujiamulia zenyewe kama teminata iwake au izimike. Mpangilio huo husaidia kwa upande wa adapta tu. Ncha nyingine hubaki mikononi mwa fundi. Mlaji ana haki ya kumwomba fundi aonyeshe kwa kidole: ncha ya kwanza ni ipi, ya pili ni ipi, na kila moja imefungwa na nini. Fundi anayeijua kazi yake hujibu mara moja.

Ikiwa seva ni ya SATA au SAS

Katika aina hii hakuna teminata za kufunga wala namba za kupanga kwa jampa. Muuzaji akikutoza fedha kwa ajili ya teminata za diski za SATA, usilipe. Yapo hata hivyo mengine ya kuangalia.

Adapta ya SAS hupokea diski za SAS na za SATA. Adapta ya SATA haipokei diski ya SAS kabisa. Anayenunua diski za SAS kwa bei nafuu bila kuijua adapta yake huenda akabaki nazo mkononi. Kebo ya SATA ya ndani nayo haipaswi kuzidi mita 1.

Seva nyingi zina adapta ya RAID, inayounganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja. Uliza ni mpangilio upi uliotumika. Katika RAID 0, diski moja ikifa kumbukumbu zote hupotea. Katika RAID 1, diski mbili hubeba kumbukumbu zilezile, na moja ikifa nyingine huendelea. RAID 5 huhitaji diski tatu au zaidi, na huvumilia kifo cha diski moja. Adapta nyingi za zamani haziwezi kutumia diski kubwa kuliko terabaiti 2. Diski kubwa ukiinunua, sehemu yake haitatumika.

Tazama pia betri ndogo iliyo kwenye adapta ya RAID, kama ipo. Betri hiyo hulinda kumbukumbu ambazo hazijafika kwenye diski umeme unapokatika ghafla. Betri huchakaa, na katika mashine iliyotumika huenda imekwisha. Kifaa cha UPS kwa seva ni cha lazima mahali ambapo umeme hukatika bila taarifa.

Tunasisitiza jambo moja: RAID haichukui nafasi ya nakala. Faili lililofutwa kwa bahati mbaya hufutwa katika diski zote kwa pamoja. Adapta ikiharibika au mashine ikiibwa, diski zote huathirika. Weka nakala nje ya seva, na nyingine nje ya jengo.

Jaribio la kufanya dukani

Usiridhike na kuona mashine ikiwaka. Mwombe muuzaji ayafanye haya mbele yako:

1. Aunganishe vifaa vyote utakavyovitumia, kwa kebo zilezile utakazoondoka nazo, kisha afunge kasha.
2. Awashe mashine, nawe usome orodha ya adapta inapotokea kwenye skrini. Kila diski ionekane mara moja, kwa namba yake.
3. Anakili kundi kubwa la mafaili kutoka diski moja hadi nyingine, kisha alinganishe nakala na asili kwa programu ya kulinganisha. Kufungua faili moja hakutoshi.
4. Azime mashine, aiwashe tena, na alinganishe mara ya pili.
5. Afungue kumbukumbu ya matukio ya mashine, nawe uangalie kama kuna makosa ya diski au ya njia.

Jaribio hili huchukua muda mrefu kuliko mnunuzi na muuzaji wanavyopenda. Muda huo ni mdogo ukilinganishwa na kuandika upya hesabu za wanachama kwa mkono.

Haki zako kwa maandishi

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inampa nguvu mnunuzi anayemweleza muuzaji kazi anayoikusudia na kutegemea ujuzi wake: bidhaa inapaswa kuifaa kazi hiyo. Kwa hiyo usiombe mashine kwa jina na modeli pekee. Eleza kazi: "Nahitaji seva ya kutunza kumbukumbu za ofisi yenye kompyuta sita, yenye diski mbili na kifaa cha nakala." Maelezo hayo yaandikwe kwenye ankara. Fahamu pia kwamba mnunuzi aliyekagua bidhaa hudhoofika anapolalamikia kasoro ambayo ukaguzi wake ulipaswa kuibaini. Hivyo kagua kwa makini, au usiseme kwamba umekagua.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumhadaa au kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa anayouziwa. Dai risiti ya mashine ya EFD, na hakikisha ankara inataja kama kifaa ni kipya au kimetumika, muda wa dhamana, na kama dhamana inahusu diski, adapta na kebo pia. Dhamana ya mdomo ni vigumu kuithibitisha.

Ukihifadhi taarifa za watu wengine, kama vile wagonjwa, wanafunzi au wateja, wajibu wako ni mkubwa zaidi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa hizo azilinde zisipotee wala zisiharibiwe. Unapouza seva ya zamani, futa diski kwa programu maalumu au ziondoe kabisa. Ukinunua iliyotumika na ukakuta kumbukumbu za mtu mwingine, usizisome, zifute.

Hitilafu ikitokea

Mafaili yakianza kuharibika, acha kuandika chochote kwenye diski. Usikubali diski zifomatiwe, wala adapta ya RAID ianzishwe upya, kabla ya nakala kuchukuliwa. Usibadilishe nafasi za diski. Ziandike namba kwa kalamu kabla ya kuzichomoa. Kisha mwombe fundi aanze na mambo yasiyo na gharama kubwa: kebo, viunganishi, namba na ncha. Diski nyingi huhukumiwa kuwa zimekufa ilhali kosa liko kwenye kebo.

Mpelekee muuzaji malalamiko yako kwa maandishi, ukiambatisha ankara, risiti na picha ya makosa kwenye skrini. Asipokusikiliza, peleka suala lako Tume ya Ushindani au mahakamani, ukiwa na nyaraka hizohizo. Mlaji mwenye karatasi mkononi husikilizwa. Kwa hiyo kusanya karatasi zako siku ya kununua, si siku ya kulalamika.